Deptford: Kijiji cha Kivukoni Kilichogeuka Kitongoji cha Jiji

Katika ramani ya London ya leo, Deptford ni jina dogo. Ni kituo kimoja cha garimoshi, barabara moja ya maduka yenye soko la siku tatu kwa juma, na majumba marefu ya kupangisha yaliyojipanga kando ya Mto Thames. Msafiri atokaye London Bridge hufika hapo kwa muda usiozidi dakika kumi, na huenda asitambue kwamba amepita juu ya mahali palipokuwa kijiji chenye wavuvi wake, bustani zake za mboga na kanisa lake, kilichotengwa na jiji kwa malisho na mabwawa ya matope.

Vijiji vilivyomezwa na miji ni vingi, na habari zake kwa kawaida husimuliwa kwa namna moja: mji ulikua, mashamba yakauzwa, nyumba zikajengwa. Masimulizi hayo si ya uongo, lakini hayaelezi jambo lolote. Mji haukui kama uyoga uotavyo baada ya mvua. Katika kila hatua huwapo sababu inayoweza kupimwa: kina cha maji, uzito wa mzigo, bei ya makaa ya mawe, au shinikizo la maji ndani ya bomba. Deptford inafaa kuchunguzwa kwa sababu hizo zote zilipita hapo kwa zamu, na kila moja iliacha alama yake ardhini na katika maisha ya wakazi.

KIVUKO NA KINA CHAKE

Jina lenyewe ni la kijiografia. Maana yake ni "kivuko chenye kina". Kivuko hicho kilikuwa juu ya Ravensbourne, kijito chenye urefu wa kilomita 17 hivi, ambacho huanzia katika chemchemi ya Keston upande wa kusini na kuingia katika Mto Thames mahali hapo. Njia kuu ya kutoka London kwenda Canterbury na bandari ya Dover ililazimika kuvuka kijito hicho, na tangu kale palikuwa na makazi penye kivuko, ambapo baadaye palijengwa daraja. Mshairi Geoffrey Chaucer, aliyeandika katika karne ya 14, aliitaja Deptford miongoni mwa mahali walipopita mahujaji wake.

Lakini palikuwa na makazi ya pili, umbali mfupi upande wa kaskazini, kwenye ukingo wa Mto Thames wenyewe. Hao walikuwa wavuvi na mabaharia. Hivyo kijiji kilikuwa na vichwa viwili: kimoja kikiitazama barabara, na kimoja kikiutazama mto. Kwa muda mrefu kile cha mtoni ndicho kilichoamua majaliwa ya vyote viwili.

Sehemu hiyo ya Mto Thames iko umbali wa kilomita 6 hivi chini ya London Bridge, na hupata maji ya kujaa na kupwa kutoka Bahari ya Kaskazini. Wakati wa bamvua maji katika mlango wa kijito hupanda na kushuka kwa kadiri ya mita 7. Mwanafunzi aliyezoea pwani ya Dar es Salaam, ambako tofauti hiyo ni kiasi cha mita 3 hadi 4, atashangaa kusikia kwamba bahari iliyo mbali hivyo huweza kuusukuma mto kwa nguvu hizo. Sababu ni umbo la mlango wa mto. Mlango wa Thames ni mpana upande wa baharini na hupungua upana kama faneli kadiri mtu apandavyo. Wimbi la kujaa, likikosa nafasi ya kuenea pembeni, huinuka juu.

Kwa wenye vyombo vya tanga hali hiyo ilikuwa neema. Maji ya kujaa yaliwapandisha hadi jijini bila upepo, na ya kupwa yakawashusha. Zaidi ya hayo, chombo kilichoingizwa kijitoni wakati wa kujaa kilibaki juu ya matope wakati wa kupwa, na mafundi wakaweza kukikagua na kukikalafati bila kukiburura pwani. Mafundi wa majahazi wa Lamu au Zanzibar wanaifahamu sana desturi hiyo.

GUDI LA MFALME

Mwaka 1513 Mfalme Henry VIII alianzisha hapo kiwanda cha kuundia na kutengenezea manowari zake. Kasri yake ya Greenwich ilikuwa jirani, ghala za silaha za jiji hazikuwa mbali, na maji ya Deptford yalitosha kwa kina cha merikebu za wakati huo. Mwaka uliofuata mfalme aliwapa marubani na mabaharia wa hapo hati ya kuunda chama chao. Chama hicho ndicho kilichokuja kuwa Trinity House, ambacho hadi leo husimamia minara ya taa katika pwani za Uingereza na Wales.

Kijiji kilibadilika upesi. Penye gudi hapakosi maseremala, wahunzi, wasokota kamba, washona matanga na wauza vyakula, na hao wote huhitaji nyumba. Mwaka 1581 Malkia Elizabeth I alipanda merikebu ya Golden Hind huko Deptford ili kumtukuza Francis Drake, aliyekuwa amerudi kutoka safari ya kuizunguka dunia. Merikebu hiyo iliwekwa hapo kama ukumbusho, nayo ikakaa kwa muda wa miaka mia hivi hadi ilipooza.

Mfanyakazi wa gudi alikuwa na haki moja ya ajabu, nayo ni kuchukua nyumbani vipande vya mbao vilivyobaki katika kazi. Haki hiyo ilianza kama sadaka ya kuni na ikageuka kuwa sehemu ya mshahara. Ni dhahiri kwamba fundi aliyeruhusiwa kuchukua mabaki hakuwa na haraka ya kupunguza mabaki. Serikali ilishindana na desturi hiyo kwa miaka mingi, na mwaka 1801 iliifuta na kulipa fedha badala yake.

Mbao ndizo zilizokuwa shida kubwa. Hukadiriwa kwamba manowari moja kubwa ya karne ya 18, yenye mizinga 74, ilihitaji mialoni 2,000 hivi, na mwaloni unaofaa kwa mkuku na mataruma huchukua miaka mia moja au zaidi kukua. Hesabu hiyo ilimsumbua mtu mmoja aliyeishi karibu kabisa na ukuta wa gudi. John Evelyn alihamia katika nyumba ya Sayes Court, Deptford, mwaka 1652, akaotesha hapo bustani iliyosifiwa kote nchini. Alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Royal Society, na mwaka 1664 chama hicho kilichapisha kitabu chake juu ya miti ya misitu, kilichowahimiza wenye ardhi kupanda miti kwa ajili ya vizazi vijavyo. Kabla ya hapo, mwaka 1661, alikuwa ameandika kijitabu juu ya moshi wa London. Humo alipendekeza kwamba viwanda vya wachoma chokaa, wapika sabuni na wengine kama hao viondolewe jijini na kupelekwa mashariki, chini ya mto. Msomaji alikumbuke pendekezo hilo, maana litarudi.

Mwaka 1698 nyumba ya Evelyn ilikodishwa kwa mgeni asiye wa kawaida: Peter Mkuu, mtawala wa Urusi, aliyefika kujifunza uundaji wa meli. Alijifunza kwa bidii. Yeye na wenzake pia waliiharibu nyumba na bustani kiasi kwamba msanifu Christopher Wren aliitwa kukadiria hasara, na serikali ya Uingereza ikalipa fidia.

Gudi hilo lilihudumia sayansi kwa njia nyingine pia. Mwaka 1768 chombo cha kubebea makaa ya mawe kilinunuliwa na kutengenezwa upya Deptford, kikapewa jina la Endeavour na kukabidhiwa James Cook, ili awapeleke wataalamu wa elimu ya nyota hadi Tahiti. Huko, tarehe 3 Juni 1769, waliitazama sayari ya Zuhura ikipita mbele ya jua. Vipimo vya namna hiyo, vikilinganishwa na vya mahali pengine duniani, viliwawezesha wataalamu kukadiria umbali uliopo baina ya dunia na jua.

Haifai kuyasimulia hayo na kunyamazia upande wa pili. John Hawkins, aliyeanzisha safari za Waingereza za kuwasafirisha watumwa kutoka Afrika ya Magharibi mwaka 1562, baadaye alikuwa mtunza hazina wa jeshi la majini na alikuwa na makao Deptford. Karne mbili baadaye, Desemba 1762, manowari moja iliwasili Deptford ikiwa na kijana Mwafrika, Olaudah Equiano, aliyekuwa ametumika vitani miaka kadhaa na kutumaini kwamba sasa angeachwa huru. Bwana wake alimlazimisha kuingia mashuani papo hapo, akamteremsha mtoni na kumwuza kwa nahodha aliyekuwa akielekea visiwa vya Karibi. Equiano alikuja kujikomboa kwa fedha zake mwenyewe, na kitabu cha maisha yake, kilichochapishwa mwaka 1789, kilikuwa silaha kubwa ya wapinzani wa biashara hiyo.

RELI JUU YA MATAO

Mwanzoni mwa karne ya 19 Deptford ilikuwa mji mdogo kamili, lakini bado haikuwa sehemu ya London. Katikati palikuwa na bustani za mboga na ardhi tepetepe. Kilichoziba pengo hilo ni reli.

Njia ya reli kutoka London hadi Greenwich ilianza kutumika tarehe 8 Februari 1836, kwanza baina ya Spa Road na Deptford, na kabla ya mwaka kwisha ilifika London Bridge. Ilikuwa reli ya kwanza ya abiria katika London. Mhandisi wake, George Landmann, alikabiliwa na ardhi laini na barabara nyingi za kukatiza. Badala ya kuilaza reli chini aliipitisha juu ya matao 878 ya matofali, yaliyofuatana kwa urefu wa kilomita 6 hivi. Tao huugeuza uzito unaolemea kutoka juu kuwa msukumo unaopita katika matofali hadi kwenye nguzo, na matofali, ambayo hupasuka upesi yakivutwa, huhimili vizuri sana yakibanwa. Matao hayo yangali yakibeba magarimoshi hadi leo.

Kampuni ilitumaini kupangisha nafasi zilizo chini ya matao ziwe nyumba za kuishi. Hakuna aliyependa kulala chini ya dari inayovuja na kutetemeka, na nafasi hizo zikawa mazizi, maghala na karakana. Lakini hapakukosekana wapangaji wa nyumba nyingine. Mtu sasa aliweza kufanya kazi jijini na kulala Deptford, na mwenye bustani ya mboga akaona kwamba kiwanja humlipa zaidi ya kitunguu. Baada ya sheria ya mwaka 1883 kuyalazimisha makampuni ya reli kutoa nauli nafuu kwa wafanyakazi, hata kibarua aliweza kuishi mbali na kazi yake.

MAJI YA NEW STREET

Nyumba ziliongezeka kwa haraka kuliko mifereji. Jambo hilo lilileta msiba ambao, kwa mwalimu wa sayansi, una thamani kuliko yote yaliyotangulia.

Deptford ilipata maji ya bomba kutoka kampuni ya Kent, iliyoyachota katika kijito kile kile cha Ravensbourne. Yalihesabiwa kuwa maji mazuri. Katika mlipuko wa kipindupindu wa mwaka 1854, mji huo hapo mwanzo ulinusurika, isipokuwa maskini wachache wasio na bomba, ambao waliteka maji kwa ndoo katika mlango wa kijito, mahali ambapo maji ya kujaa huleta uchafu wa jiji zima. Kisha, ghafla, ugonjwa ukazuka katika sehemu ya kaskazini ya mtaa wa New Street na safu moja ya nyumba jirani. Kwa siku chache wakafa watu 90 hivi katika nyumba chache tu.

Daktari John Snow, ambaye wakati huo alikuwa akishikilia kwamba kipindupindu huenezwa kwa maji na wala si kwa hewa mbovu, alikwenda Deptford tarehe 12 Septemba. Alichokikuta kilionekana kumpinga. Waliokufa walikuwa wakinywa maji ya kampuni na si mengine. Ikiwa maji hayo ni salama, na ugonjwa umewaua wanaoyanywa, basi nadharia yake ina kasoro.

Snow hakuharakisha kuamua. Aliwauliza wakazi. Walimwambia kwamba kwa majuma kadhaa maji, yanapofunguliwa tu, yalikuwa yakinuka kama shimo la choo na kutoa povu, nao walizoea kumwaga ndoo za kwanza na kukinga yale yaliyofuata yakiisha kutakata. Alikwenda katika mitaa ya karibu, ambayo hutumia maji ya kampuni hiyo hiyo lakini haikupatwa na ugonjwa. Huko maji hayakuwa yamebadilika. Basi kosa halikuwa katika chanzo cha maji. Lilikuwa katika bomba la mtaa ule.

Maji wakati huo hayakutoka siku nzima. Yalifunguliwa kwa saa chache na kufungwa. Bomba linapojaa maji, shinikizo la ndani huwa kubwa kuliko la nje, na penye ufa maji hutoka. Bomba likifungwa na maji yaliyobaki yakateremkia sehemu za chini, shinikizo la ndani hupungua, na kilichoko nje huvutwa ndani kupitia ufa ule ule. New Street haikuwa na mfereji wa maji taka, kwa hiyo udongo uliolizunguka bomba ulikuwa umelowa uchafu wa vyoo. Bomba lilikuwa likinywa kabla ya watu kunywa. Maji yakifunguliwa, yaliusukuma uchafu huo mbele, na wenye nyumba waliomwaga ndoo za kwanza waliondoa harufu lakini hawakuondoa ugonjwa, maana bakteria wa kipindupindu hawaonekani kwa macho wala hawanuki. Robert Koch alikuja kuwatambulisha kwa ulimwengu miaka 30 baadaye.

Katika mji wowote unaopata maji kwa zamu, kanuni hiyo ingali ikifanya kazi kama ilivyofanya New Street.

Snow aliyachapisha hayo mwaka 1855, pamoja na uchunguzi wake mashuhuri wa pampu ya Broad Street. Wakubwa wengi hawakumwamini, naye alifariki mwaka 1858, mwaka ule ule ambao uvundo wa Mto Thames uliwashinda hata wabunge. Hapo fedha zilipatikana. Mhandisi Joseph Bazalgette alipewa kazi ya kujenga mifereji mikuu ya London, na katika ukingo wa kusini alikutana na tatizo ambalo Deptford ilililijua tangu kale: ardhi iko chini kuliko maji ya kujaa. Maji taka hayawezi kuteremka yenyewe mahali ambapo hakuna mteremko. Kwa hiyo mwaka 1864, kando ya kijito cha Deptford, ilianza kazi stesheni ya pampu zilizoendeshwa kwa mvuke. Ziliyainua maji taka kwa kadiri ya mita 6, kutoka mfereji wa chini hadi mfereji wa juu, ili yaendelee kwa mteremko wake mpaka Crossness, mbali chini ya mto.

GUDI LAFUNGWA, NG'OMBE WAINGIA

Wakati huo huo gudi lilikuwa likifa. Mwaka 1822 Deptford iliteremsha majini Comet, meli ya kwanza ya mvuke iliyoundwa kwa ajili ya jeshi la majini la Uingereza. Yaani mafundi wake walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuunda kile ambacho kingewaondoa. Meli za chuma zilikuwa ndefu na nzito, zikahitaji maji yenye kina kuliko ya mbele ya gudi, ambako matope yalijaa bila kukoma. Kina kilichokipa kijiji jina na riziki hakikutosha tena. Tarehe 31 Machi 1869, baada ya miaka 356, milango ilifungwa. Mafundi ambao baba na babu zao walifanya kazi hapo walitawanyika.

Kilichochukua nafasi ya manowari kilikuwa ng'ombe. Mwaka 1865 sotoka iliingia Uingereza pamoja na ng'ombe walioletwa kwa meli kutoka pwani ya Baltiki, ikaenea kutoka soko la London hadi nchi nzima, ikaua mifugo kwa mamia ya maelfu. Chanjo haikuwapo, na njia pekee iliyofaa ilikuwa kuchinja waliougua na kuzuia wengine wasitembezwe. Sheria ya mwaka 1869 iliwezesha kuamriwa kwamba ng'ombe wa kigeni wachinjwe pale pale waliposhushwa, wasikanyage barabara. Hapo palihitajika mahali penye gati na ukuta mrefu. Gudi lililoachwa lilikuwa na vyote viwili, na mwaka 1871 likafunguliwa kuwa soko na machinjio. Mamia ya wanawake wa Deptford waliajiriwa kusafisha matumbo, kazi iliyodharauliwa sana na iliyolipa vizuri kuliko utumishi wa majumbani.

Wasomaji wa Afrika ya Mashariki wana sababu ya kulikumbuka jina la ugonjwa huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka hiyo hiyo, ambayo Uingereza ilikuwa imeizuia kwa kuta na sheria, iliteketeza sehemu kubwa mno ya ng'ombe wa Wamasai na wafugaji wengine, na njaa ikafuata. Ilishindwa hatimaye kwa chanjo. Chanjo iliyokuwa bora kupita zote ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake huko Muguga, Kenya, na mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani.

VOLTI 10,000

Soko la ng'ombe lilidumu hadi 1913, lakini kabla ya hapo mgeni mwingine alikuwa amewasili. Sebastian de Ferranti alikuwa na umri wa miaka 23 tu mwaka 1887, alipopewa kazi ya kujenga kituo cha umeme kikubwa kuliko vyote vilivyowahi kujaribiwa. Desturi ya wakati huo ilikuwa kujenga kituo kidogo katikati ya wateja wake, kwa kuwa umeme wa volti chache hauwezi kusafiri mbali. Ferranti aliligeuza wazo hilo: kituo kikae mahali ambapo ardhi ni rahisi, ambapo meli hushusha makaa ya mawe mlangoni, na maji ya kupoza mitambo hayapungui, kisha umeme ndio usafiri. Mahali hapo palikuwa Deptford.

Hesabu yake inaweza kufanywa ubaoni. Tuseme kwamba kilowati 100 zinatumwa kwa volti 100. Mkondo utakuwa ampia 1,000. Ikiwa ukinzani wa nyaya ni omu 0.05, nishati inayopotea kwa joto, ambayo ni mkondo mara mkondo mara ukinzani, itakuwa wati 50,000: nusu nzima imepotea njiani. Zikitumwa kilowati hizo hizo kwa volti 10,000, mkondo huwa ampia 10 tu, na kinachopotea ni wati 5. Kwa mkondo geu, transfoma hupandisha volti kituoni na kuzishusha karibu na mteja.

Ugumu ulikuwa katika kuzifunga volti 10,000 zisitoroke. Waya wa kuaminika haukupatikana madukani, kwa hiyo Ferranti alibuni wake: neli mbili za shaba, moja ndani ya nyingine, zikitenganishwa kwa karatasi iliyoloweshwa nta, katika vipande vya urefu wa mita 6 hivi. Wakaguzi walipoogopa, msaidizi wake mmoja alishika patasi, ikapigwa nyundo hadi ikapenya waya uliokuwa na umeme. Hakudhurika, kwa sababu neli ya nje ilikuwa imeunganishwa na ardhi, na mkondo ukapita huko badala ya kupita mwilini mwake. (Si jaribio la kurudiwa shuleni.) Mwaka 1891 umeme wa Deptford ulikuwa ukisafiri kwa volti 10,000, pembeni mwa njia za reli, hadi katikati ya London. Kampuni ilipunguziwa eneo la kuhudumia, ikapata hasara, na Ferranti akaondoka mwaka huo huo; lakini mfumo wake ndio uliofuatwa kote, na kila gridi ya taifa ni mtoto wa wazo hilo.

Evelyn alitaka viwanda vya moshi vipelekwe mashariki, chini ya mto. Miaka 230 hivi baadaye vilipelekwa, na vikasimama kijijini kwake. Taa ziliwaka katika majumba ya matajiri wa London magharibi, na majivu yakaanguka juu ya nguo zilizoanikwa Deptford. Bustani ya Sayes Court ilikuwa imekwisha kugawanywa. Mnamo miaka ya 1880 mzao mmoja wa Evelyn alitaka kuitoa sehemu iliyobaki kwa umma, akamwomba ushauri Octavia Hill, ikaonekana kwamba hapakuwa na chombo chochote kisheria kinachoweza kupokea ardhi na kuitunza daima. Mashauriano hayo yalichangia kuundwa kwa National Trust mwaka 1895. Deptford yenyewe ilibakiwa na kiwanja kidogo chenye mforsadi mzee.

KITONGOJI

Kiutawala, Deptford iliondolewa katika mkoa wa Kent na kutiwa katika mkoa mpya wa London mwaka 1889, na mwaka 1965 sehemu yake kubwa ikaunganishwa na Lewisham. Vita vya Pili viliibomoa vibaya. Kombora moja tu la V-2, lililoanguka New Cross tarehe 25 Novemba 1944, liliua watu 168. Nyumba za matofali zilizobomoka zilifuatwa na majumba marefu ya ghorofa, mengine yakijengwa juu ya bohari za vyakula vya jeshi la majini zilizofungwa mwaka 1961. Wahamiaji kutoka Karibi na Afrika ya Magharibi walikaa katika mitaa ambayo wenye uwezo waliihama. Kituo cha umeme kilizimwa mwaka 1983.

Sasa wenye uwezo wanarudi. Ukingo wa mto, uliokuwa mahali pa matope, damu na majivu, ndio wenye viwanja vya bei kubwa. Mwaka 2014 iliidhinishwa mipango ya kujenga nyumba 3,500 hivi juu ya eneo la gudi la zamani, ambako wachimbaji wa mambo ya kale walikuwa wamezifukua kuta za magudi chini ya sakafu za saruji. Wazee wa mitaa ya nyuma huuliza ni nani kati ya watoto wao atakayeweza kupanga humo, na swali hilo si la kiuchumi tu: ni la iwapo kijiji kilichobeba taka, ng'ombe na moshi wa jiji kwa miaka mia na hamsini kitakuwa na nafasi katika faida yake.

Kijito cha Ravensbourne kingali kikijaa na kupwa mara mbili kwa siku. Mvua kubwa ziliponyesha, mifereji ya Bazalgette, iliyokusudiwa jiji la watu wachache zaidi, ilikuwa ikifurika na kuumwaga uchafu mtoni. Ili kuzuia hilo lilichimbwa handaki la kilomita 25 chini ya Mto Thames, lililokamilika kuunganishwa mwaka 2025. Tawi lake moja huanzia katika stesheni ile ya pampu ya mwaka 1864 na kupita chini ya Deptford, karibu na kanisa la Mtakatifu Paulo.